Rekodi za Waliobaki Chini

Oleg Kononenko wa Urusi amekaa angani jumla ya siku 1,111 katika safari tano. Mwenzake Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo bila kukanyaga ardhi, tangu Januari 1994 hadi Machi 1995. Wanaanga watatu wa Apollo 10 waliingia katika hewa ya dunia tarehe 26 Mei 1969 kwa mwendo wa kilomita 39,897 kwa saa. Rekodi hizi zinafahamika. Zimo katika kila kitabu cha chemsha bongo, na wenyewe walishapewa nishani, stempu na majina ya shule. Safari hii tuwaache.

Orodha ifuatayo ni ya watu ambao hawakwenda popote. Ni wahandisi, mafundi na wataalamu wa hesabu waliokaa chini, spika za masikioni zimewabana, macho kwenye tarakimu, wakati wenzao wako juu wanapungiwa mikono na dunia nzima. Uchaguzi ni wangu na upendeleo ni wangu pia. Nimewapa alama nyingi wale walioijua mashine yao mpaka kwenye pembe ambazo hakuna aliyewalazimisha kuzichungulia.

Jibu la haraka kuliko yote

Tarehe 14 Novemba 1969, Florida, mvua inanyesha. Roketi ya Saturn V inaondoka na Apollo 12, ndani yake Pete Conrad, Dick Gordon na Alan Bean. Sekunde 36 baada ya kuruka, radi ikaipiga. Sekunde ya 52 ikaipiga tena. Seli zote tatu zilizokuwa zikizalisha umeme wa chombo zikajitoa, taa za hatari zikawaka kwa mpigo, na kule Houston vipimo vilivyokuwa vikifika kwenye skrini vikageuka tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Mkurugenzi wa safari, Gerry Griffin, ndiyo kwanza alikuwa anasimamia urushaji katika cheo hicho. Alitarajia kuambiwa kwamba safari isitishwe.

Kwenye meza ya umeme na hewa alikaa John Aaron, umri miaka 26, kijana wa Oklahoma ambaye ndoto yake ya awali ilikuwa kufundisha shule na kufuga ng'ombe. Alizitazama zile tarakimu na akazikumbuka. Kama mwaka mmoja nyuma, akifuatilia jaribio la usiku lililokuwa likifanyika Florida, aliona vipimo vikichafuka namna ile ile baada ya mafundi kukosea na kuushusha umeme wa chombo. Jaribio lile halikuwa na madhara kwa mtu, na Aaron angeweza kwenda kulala. Badala yake alifuatilia hadi akakipata kisanduku kilichohusika, kiitwacho SCE kwa kifupi, na akagundua kwamba swichi yake ina mkao wa pili ambao karibu hakuna aliyewahi kuutumia.

Basi akatamka maneno matatu: swichi ya SCE ipelekwe kwenye AUX. Griffin hakuijua swichi hiyo. Aliyekuwa akizungumza na chombo kwa redio hakuijua. Conrad, kamanda mwenyewe, hakuijua. Bean aliijua, kwa kuwa ilikuwa upande wake. Akaigeuza, vipimo vikarudi, seli zikawashwa upya, na siku tano baadaye yeye na Conrad wakatembea mwezini.

Watu husimulia kisa hiki kwa kusifu wepesi wa akili. Mimi naona sifa iende kwenye ule usiku wa mwaka uliotangulia. Kwenye mtihani wa sekunde chache Aaron alifika na jibu lililokwisha andaliwa, na aliliandaa kwa udadisi tu, bila kuagizwa na bosi yeyote.

Karatasi yenye thamani kuliko zote

Miezi minne kabla ya kisa hicho, tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wako kama kilomita 10 juu ya uso wa mwezi, wanashuka. Kompyuta yao ikatoa namba ya hatari: 1202. Armstrong akaomba ufafanuzi, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikaonyesha haraka.

Aliyepaswa kujibu ni Steve Bales, miaka 26, msimamizi wa uongozaji. Nyuma yake, katika chumba cha wasaidizi, alikuwapo Jack Garman wa miaka 24. Juu ya meza ya Garman, chini ya kioo cha plastiki, kulikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono: orodha ya namba zote za hatari ambazo kompyuta ile ingeweza kuzitoa, na mbele ya kila moja nini la kufanya. Garman akasema waendelee mradi namba hiyo isijirudie mfululizo. Bales akapaza sauti kwamba waendelee. Baadaye ikaja 1201, jibu likawa lile lile, na chombo kikatua.

Karatasi ile ilitokana na aibu ya mazoezini. Siku chache kabla ya safari, waandaaji wa mazoezi waliwatupia timu ya Houston namba ya aina hiyo kama mtego, na Bales akaamuru kutua kusitishwe bila sababu ya kutosha. Mkurugenzi wao, Gene Kranz, hakufurahi. Akaagiza kila namba ya hatari ichambuliwe, hata zile zilizosemekana hazitatokea kamwe. Garman akakaa akaandika.

Namba 1202 ilikuwa na maana kwamba kompyuta imezidiwa na kazi. Rada moja iliyoachwa ikifanya kazi ilikuwa inaila muda wake. Programu, iliyoandikwa na timu ya Massachusetts ambamo Margaret Hamilton alikuwa kiongozi, ilitengenezwa iweze kuacha kazi ndogo na kushika kubwa, kisha ijiwashe upya bila kusahau ilipofikia. Na kompyuta yenyewe ilikuwa na nafasi ya maneno 2,048 tu kwenye kumbukumbu yake ya muda. Kumbukumbu yake ya kudumu ilifumwa kwa mkono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon, mjini Waltham: waya ukipita ndani ya kijipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Kosa moja la kufuma lingekwenda nalo mwezini.

Rais Nixon alimpa Bales tuzo ya NASA kwa niaba ya timu nzima. Garman hakupewa, na sidhani kama alilalamika.

Mshono mwembamba kuliko yote

Suti walizovaa mwezini zilishonwa na ILC, kampuni ya Dover, Delaware, ndugu wa Playtex iliyokuwa ikitengeneza sidiria. Mafundi cherehani walewale walihamishwa kutoka kwenye nguo za ndani kwenda kwenye nguo za mwezini. Suti ilikuwa na matabaka 21, na mshono haukuruhusiwa kupotoka hata milimita moja. Pini zilihesabiwa zikitolewa na zikirudishwa, maana pini moja ikisahaulika ndani ni tundu, na tundu ni kifo. Wahandisi wa kampuni nyingine zilizoshindania zabuni ile walikuja na suti zao. Wakashindwa na washonaji.

Mwanamke pekee miongoni mwa mamia

Ipo picha ya chumba cha kurushia roketi cha Florida, tarehe 16 Julai 1969, asubuhi ya Apollo 11. Mamia ya wanaume wa mashati meupe na tai nyembamba, safu baada ya safu, na katikati yao mwanamke mmoja ameshika kidevu. Ni JoAnn Morgan, mhandisi wa vipimo na mawasiliano ya mitambo ya kurushia.

Alianza kazi 1958 akiwa na miaka 17, mwanafunzi wa likizo kwenye miradi ya makombora ya Jeshi la Marekani. Jengo alilofanyia kazi baadaye halikuwa na choo cha wanawake. Alipokea simu za matusi kazini. Kabla ya Apollo 11 alishiriki maandalizi ya kila namna, lakini saa ya kuruka ilipofika alipangiwa mahali pengine. Safari hiyo mkuu wake alipanda ngazi hadi kwa wakubwa wa kituo kuomba kwamba Morgan akae kwenye kiti chake mpaka mwisho, wakakubali.

Akastaafu mwaka 2003. Ukihesabu ni miaka 45, tangu enzi za makombora ya majaribio, ukapita Mercury, Gemini, Apollo na vyombo vya kwenda na kurudi, mpaka kituo cha kimataifa. Alipanda hadi kuwa mmoja wa wakurugenzi wa kituo, na katika ngazi kadhaa alizopita alikuwa mwanamke wa kwanza. Kama rekodi ya utumishi ingepimwa kwa milango iliyofunguliwa badala ya miaka, hapa ningemaliza orodha.

Kwa Houston, wa kwanza ni Poppy Northcutt, aliyekaa chumba cha wasaidizi wakati wa Apollo 8 Desemba 1968, akiwa na miaka 25. Kazi yake ilikuwa hesabu za njia ya kurudi nyumbani kutoka mwezini. Njia ya kwenda ina wapenzi wengi. Ya kurudi ndiyo aliyoishika yeye.

Mwendo wa polepole kuliko yote

Roketi inayokwenda kasi kuliko kitu chochote cha barabarani huanza safari yake kwa kilomita 1.6 kwa saa. Hubebwa imesimama wima kutoka jengo la kuunganishia hadi jukwaa la kurushia, juu ya gari la minyororo lililotengenezwa Ohio na kuanza kazi katikati ya miaka ya 1960. Yapo mawili, na bado yanatumika. Moja, lililoimarishwa, limeingizwa katika kitabu cha Guinness kuwa gari zito kuliko yote duniani linalojiendesha lenyewe: tani zaidi ya 3,000, na hapo halijapakia. Jengo linamotoka lina urefu wa mita 160 na milango mirefu kuliko milango yote duniani, mita 139.

Wanaoliendesha gari hilo ni wahandisi, na hakuna anayekariri majina yao. Kwenye mteremko wa jukwaa hulazimika kuinua upande mmoja na kushusha mwingine ili ncha ya roketi, mita zaidi ya 100 juu, isiyumbe. Mtu mzima akitembea kwa miguu anawapita.

Mhandisi aliyefichwa kuliko wote

Yuri Gagarin aliporuka tarehe 12 Aprili 1961 na kuizunguka dunia kwa dakika 108, jina lake lilifika kila kijiji. Aliyekijenga chombo na roketi hakuwa na jina. Magazeti ya Moscow yalimwita Mbunifu Mkuu, basi. Alipoandika makala alitumia jina la kubuni. Katika sherehe za ushindi wake mwenyewe alikuwa mtu wa pembeni.

Alikuwa Sergei Korolev. Mwaka 1938 alikamatwa katika msako wa Stalin, akateswa, akapelekwa machimbo ya dhahabu ya Kolyma, na inasemekana huko ndiko meno yake yalikoharibika na afya ikavunjika. Aliachiwa wakati wa vita na akarudi kwenye roketi, akifanyia kazi dola ile ile. Alifariki Januari 1966 mezani mwa wapasuaji, akiwa na miaka 59. Siku mbili baadaye gazeti la Pravda likalichapisha jina na picha yake, na raia wa Sovieti wakamjua tayari ameshakufa, wakamzika kwenye ukuta wa Kremlin. Leo mji wenye kituo cha kuongozea safari za Urusi unaitwa Korolyov.

Nimewahi kusoma watu wakilinganisha Korolev na Wernher von Braun, aliyeijenga Saturn V upande wa Marekani, kana kwamba ni mapacha waliotenganishwa na bahari. Ulinganisho huo haunishawishi. Mmoja alikuwa mfungwa. Makombora ya mwingine, katika Ujerumani ya Hitler, yaliundwa na wafungwa.

Wa kwanza kupanda alichokichora

Nimesema orodha hii ni ya waliobaki chini, lakini nampenyeza mmoja. Konstantin Feoktistov alifanya kazi chini ya Korolev na alikuwa miongoni mwa wabunifu wakuu wa chombo cha Vostok. Mwaka 1964 wakubwa walitaka watu watatu wapande ndani ya chombo kilichoundwa kwa ajili ya mtu mmoja. Feoktistov na wenzake wakapata njia: ondoa suti za kujikinga, maana hazienei. Korolev alikuwa ameahidi kwamba kiti kimoja kitakuwa cha mhandisi. Tarehe 12 Oktoba 1964 Feoktistov akapanda Voskhod 1 pamoja na Vladimir Komarov na daktari Boris Yegorov, wakiwa wamevaa nguo za kawaida za kazi, wakakaa angani siku moja na kurudi salama.

Huyu ni mtu ambaye akiwa kijana wa miaka 16, wakati wa vita, alipigwa risasi na Wajerumani waliomkamata akipeleleza, wakamwacha shimoni wakidhani amekufa. Sioni mhandisi mwingine aliyeitia sahihi michoro yake kwa mwili wake namna ile. Na bado nasema uamuzi wa suti ulikuwa kamari mbaya. Mwaka 1971 watu watatu walikufa katika Soyuz 11 kwa sababu hewa ilivuja na hawakuwa na suti.

Ankara ya kuchekesha kuliko zote

Tangi la oksijeni la Apollo 13 lililipuka tarehe 13 Aprili 1970. Wanaanga watatu wakahamia katika chombo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa takriban siku mbili, wakakaa humo karibu siku nne. Wakizunguka nyuma ya mwezi walifika kilomita 400,171 kutoka duniani, rekodi iliyodumu zaidi ya nusu karne na ambayo hawakuiomba.

Hewa chafu ikaanza kujaa. Vichujio vya chombo kikuu vilikuwa vya mraba, matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya duara. Timu ya Ed Smylie huko Houston ikakusanya mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya safari, mipira ya suti na tepu ya kijivu, vitu ambavyo wanaanga pia walikuwa navyo, ikatengeneza adapta na kuwasomea maelekezo kwa redio. John Aaron, yule yule wa radi, akapewa kazi ya kugawa umeme wa betri, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kitu bila yeye. Wakafika salama tarehe 17.

Baada ya hapo kampuni ya Grumman, iliyotengeneza chombo kidogo, iliwapelekea North American Rockwell, watengenezaji wa chombo kikuu kilicholipuka, ankara ya kuvuta gari bovu: dola nne kwa maili ya kwanza, dola moja kwa kila maili iliyofuata, kuchaji betri, oksijeni, malazi ya mgeni wa ziada, kisha punguzo. Jumla dola 312,421.24. Rockwell wakagoma kulipa. Walisema wao walishavibeba vyombo vya Grumman hadi mwezini mara kadhaa na hawakudai nauli.

Sahihi ambayo haikuwekwa

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, jimbo la Utah, waliwaambia wakubwa wao na NASA kwa simu kwamba chombo cha Challenger kisirushwe asubuhi. Florida kulikuwa na baridi isiyo ya kawaida. Roketi za pembeni walizozitengeneza zilikuwa na maungio yaliyozibwa kwa pete za mpira, na mpira ukipoa hupoteza unyumbufu. Roger Boisjoly alikuwa ameliandika onyo hilo miezi sita kabla, kwa maneno makali, kwamba wakipuuza watapoteza watu. Walipendekeza pasirushwe chini ya nyuzi 12 za Selsiasi.

NASA hawakupendezwa. Mameneja wa kampuni wakaomba dakika chache wajadiliane peke yao, na katika dakika hizo mkuu wa uhandisi aliambiwa aweke uhandisi kando afikiri kama meneja. Wakarudi na jibu jipya: rusheni.

Kulikuwa na mtu mmoja pale Florida ambaye kwa kawaida ndiye angetia sahihi kwa niaba ya kampuni. Allan McDonald akakataa. Sahihi ikawekwa na bosi wake huko Utah na kutumwa kwa faksi. Asubuhi, joto likiwa nyuzi kama 2, Challenger ikaruka, na sekunde ya 73 ikasambaratika. Wakafa watu saba, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe, ambaye wanafunzi nchi nzima walikuwa wakimtazama.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, kama nyingi zinavyoishia. Lakini katika kikao cha tume ya uchunguzi, McDonald alisikia maelezo yasiyotosha yakitolewa, akainuka kutoka viti vya nyuma na kueleza kwamba wahandisi walipinga. Kampuni ikamshusha cheo. Wabunge walipotishia mikataba ya kampuni, akarudishwa, na akapewa kazi ya kuyatengeneza upya maungio yale yale. Vyombo vilirudi angani tarehe 29 Septemba 1988, na maungio aliyoyasimamia hayakuua mtu tena hadi vyombo hivyo vilipostaafu.

Boisjoly hakurudi kwenye kazi hiyo. Wenzake kadhaa walimwona msaliti. Nimeona makala zinazomfanya shujaa na kuruka sehemu hiyo, na naona ni kumpunja.

Kwa maoni yangu hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote zilizomo humu. Aaron alihitaji kujua. McDonald alijua, lakini alihitaji pia kukataa mbele ya watu waliomlipa mshahara.

Mkesha mrefu kuliko yote

Tangu tarehe 2 Novemba 2000 Kituo cha Kimataifa cha Anga hakijawahi kubaki bila mtu. Maana yake ni kwamba tangu siku hiyo hakuna usiku, sikukuu wala kimbunga kilichozifanya meza za Houston, Korolyov, Huntsville, Tsukuba na karibu na Munich ziwe tupu zote. Kituo chenye tani zaidi ya 400 huizunguka dunia mara 16 kwa siku, na kila mzunguko kuna mtu chini anayeangalia pampu ya amonia.

Miongoni mwa walioongoza zamu hizo ni Kwatsi Alibaruho, mwenye asili ya Uganda kwa upande wa baba, mhitimu wa MIT. Mwaka 2005 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa safari, mtu mweusi wa kwanza kushika kiti hicho tangu Chris Kraft alipokianzisha enzi za Mercury. Kiti hicho kina mamlaka kamili: chombo kikiwa juu, neno la mwisho ni la mkurugenzi wa safari. Julai 2011, Atlantis iliporuka kwa mara ya mwisho na kuufunga mradi wa vyombo vya kwenda na kurudi baada ya safari 135, mkurugenzi kiongozi alikuwa yeye.

Kituo kilicho karibu nasi kuliko vyote

Sasa turudi kwetu, pwani ya Afrika Mashariki. Februari 1962 hakukuwa na setilaiti ya kupeleka sauti. John Glenn alipojiandaa kuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, NASA ililazimika kuweka masikio kando ya njia yake yote: vituo 18, meli zikiwemo. Njia ilitoka Florida, ikavuka Atlantiki, ikapita Kano, Nigeria, kisha Zanzibar, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Hesabu za njia hiyo zilifanywa na kompyuta ya IBM, na Glenn hakuiamini mpaka Katherine Johnson wa kituo cha Langley, Virginia, alipozirudia kwa mkono.

Kituo cha Zanzibar kilikuwa Tunguu, Unguja. Kiliwekewa antena za kupokea vipimo vya chombo na mapigo ya moyo wa rubani, pamoja na redio ya kuzungumza naye. Chombo kilipita juu kwa dakika chache tu, na ujumbe kati ya kituo na makao makuu ulikwenda kwa teleprinta. Ndiyo maana kila kituo kilipelekewa wahandisi na daktari wanaoweza kuamua wenyewe, maana kusubiri jibu kutoka Florida kungechukua muda kuliko ziara yenyewe. Tarehe 20 Februari 1962, kama nusu saa baada ya kuruka, Glenn akapita juu ya Unguja akiwa ndani ya Friendship 7. Sokwe Enos alikuwa amemtangulia Novemba 1961. Baada ya Glenn wakapita Scott Carpenter, Wally Schirra na Gordon Cooper. Kwa hiyo kila Mmarekani aliyeizunguka dunia katika mradi wa Mercury alipita juu ya antena za Tunguu.

Visiwani kituo hicho kilizua ugomvi tangu kabla hakijaanza kazi. Wapo waliokiita kituo cha makombora na kuandamana wakipinga, na ukikumbuka hali ya dunia wakati ule, shaka yao haikuwa ya kipuuzi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa, na kazi yake ikachukuliwa na kituo cha Antananarivo, Madagaska. Kaskazini ya Unguja, huko Malindi, Waitalia wa Profesa Luigi Broglio walikuwa wakijiandaa kurusha roketi kutoka kwenye majukwaa ya baharini. Walirusha kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwemo setilaiti ya Uhuru ya tarehe 12 Desemba 1970. Zile zilikuwa setilaiti tu, bila watu, lakini miaka ya karibuni Wachina wamekitumia kituo cha Malindi kufuatilia vyombo vyao vya Shenzhou vyenye wanaanga ndani. Pwani yetu haijawahi kutoka kabisa kwenye njia hiyo.

Vitabu vya NASA vinawataja wahandisi waliotumwa Tunguu. Haviwataji madereva, mafundi umeme, wapishi na walinzi wa Unguja waliofanya kazi nao. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule, kama yu hai, ameshapita 80. Kama ni babu yako, au jirani yako wa Tunguu, Dunga au Bungi, mwulize na umrekodi kwa simu, kisha nakala uipeleke Nyaraka za Taifa Zanzibar.